Mwadhini na Ndege Wawili wa Alfajiri

Ukienda nyumbani kwake ukapiga hodi, hakuitika. Ulisimama pale barazani ukimsikia ndani akikohoa, ukisikia hata kijiko chake kikigonga kikombe, na bado kimya. Mpaka upige hodi ya pili ndipo anajibu "Karibu", kwa sauti ya mtu aliyekuwa akikungoja tangu asubuhi. Wageni walidhani ni kiziwi. Watoto wa kwetu walikuwa wajanja zaidi: walipiga hodi ya kwanza na ya pili kwa pumzi moja, wakakaribishwa hapo hapo. Simu yake nayo ilikuwa hivyo hivyo. Ilipolia mara ya kwanza aliitazama tu mpaka ikanyamaza, na mwenye haja naye alipiga tena.

Sote tulimwita Mwadhini, ingawa miaka yake ya mwisho hakuwa akiadhini. Mimi nilimwita Ami, kwa kuwa yeye na marehemu baba yangu walikua pamoja na kuchuma karafuu pamoja, na nyumba yetu na yake zilitenganishwa na ua wa makuti tu. Msikiti mdogo aliouadhinia ulikuwa mbele ya mlango wake, ng'ambo ya njia. Ulizungukwa na mikarafuu kila upande, na upande wa mashariki ilikuwa mirefu na imesongamana hata mbingu ya huko huioni mpaka jua liwe limeshapanda. Hilo la mikarafuu nalisema mapema kwa sababu lina lake katika habari hii.

Hakuwa mtu rahisi kupendeka. Mimi nilimpenda, lakini sikatai kwamba alinichosha. Hakujua kusema uongo, hata ule mdogo unaowasaidia watu kuishi pamoja. Ukimpelekea chakula kikazidi chumvi alikwambia kimezidi chumvi, kisha akakila chote. Aliyenunua kanzu mpya akamuuliza imemkaaje aliambiwa mabega yanapwaya. Mara moja walikuja watu kutoka Wingwi kuulizia tabia za kijana mmoja wa kwetu aliyepeleka posa kwao, wakaelekezwa kwa Mwadhini, mtu wa msikitini, nani atamshuku. Akawaambia kijana ni hodari wa kazi, anasali, anamheshimu mama yake, na akikasirika huvunja vyombo. Posa ikarudi. Mama wa kijana alinuna muda mrefu, kila akipita mbele ya baraza ile akitazama upande wa pili. Baba yangu alipomuuliza Mwadhini kwa nini asingenyamaza japo kidogo, alijibu kwamba watu wale wamesafiri kuja kumuuliza.

Mzigo wa ulimi ule aliubeba mkewe, Bi Mize. Huyo alikuwa mchangamfu, mpenda utani, na akicheka ulimsikia mpaka kwetu jikoni. Alikuwa akituhadithia kwamba usiku wa harusi yake, badala ya maneno matamu, bwana harusi alimwambia amependeza lakini viatu vinambana. "Na kweli vilinibana," alimalizia kila mara, akimtazama mumewe kwa jicho la kumringia. Hawakujaaliwa mtoto. Walikuwa na kuku, na mazungumzo yao, na ndege wa Mwadhini.

Maana ndege ndio waliomfungua mdomo. Mtu ambaye akikaa na wenzake barazani hatoi maneno kumi, ukimgusia ndege wa alfajiri ulijuta, chai yako ilipoa mkononi. Sisi wengine tulimjua ndege mmoja tu, yule anayeimba kabla kuku hawajashuka, na tukimsikia tulijifunika tukalala tena. Mwadhini alisema ni wawili. Vitabuni wote wanaitwa mkesha, na kwa kweli ni ndugu: umbo moja, ukubwa mmoja, mwendo ule ule wa kurukaruka chini ya miti wakipekua majani makavu kutafuta wadudu. Yeye aliwatenga kwa kifua, kwa tabia na kwa sauti, na akawaita wa kwanza na wa pili.

Wa kwanza ana mgongo wa rangi ya udongo na ubavu wa rangi ya kutu. Haogopi watu, anashuka uani, anapanda juu ya paa, na wimbo wake ni wa haraka, neno moja analirudia mara mbili tatu kabla ya kushika jingine. Wa pili ana kifua cheupe chenye madoa meusi, kama karafuu kavu zilizomwagika juu ya shuka. Huyo ni mtu wa vichakani. Utasikia majani yakichakarika, utageuka, humwoni. Anapiga mluzi mrefu, ananyamaza mpaka unadhani amekwenda zake, kisha anapiga mwingine wa namna nyingine.

Tofauti iliyomshughulisha Mwadhini, hata hivyo, ilikuwa ya saa. Alfajiri, kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani, ni mbili. Kuna ya uongo, mwanga unaosimama wima mbinguni kwa muda mfupi, kisha kiza kinarudi. Baadaye ndiyo inakuja ya kweli, inayotanda upande mzima wa mashariki, na hiyo ndiyo inayofungua sala ya asubuhi na kumfunga mdomo aliyefunga. Baba yake, aliyeadhini pale kabla yake, alimfundisha kwamba wa kwanza anadanganyika na mwanga wa uongo na kuanza kuimba, lakini wa madoa hafungui mdomo mpaka alfajiri ya kweli. Basi siku ya mawingu, huku mikarafuu imeziba mashariki, msikilize wa madoa ndipo uadhini. Saa ya ukutani ilipoletwa msikitini Mwadhini aliikubali bila ya kinyongo, akaitazama kama watu wengine. Ndege aliwaweka akiba, kwa siku ya mawingu.

Siku hiyo ilikuja katika mwezi wa Ramadhani, nami bado msichana wa skuli. Ninayoyajua nimeyapata kwa mama yangu, aliyekuwa chumbani na Bi Mize.

Bi Mize alikuwa anaumwa, anaharisha na kutapika siku kadhaa, na kila alichofuturu kilirudi. Shehe wa msikiti alifika mwenyewe mpaka mlangoni akamwambia mgonjwa ana ruhusa, ale, atalipa akipona. Bi Mize akamshukuru, akasema hakuna Ramadhani iliyowahi kumpita kwa maradhi na hii haitampita. Alikuwa mkaidi kwa namna ya watu wenye kucheka, huwezi hata kumkasirikia. Wakati wa daku mama alimpikia uji mwepesi, akaukataa. Alikubali maji tu, na hayo alisema atayanywa mwisho kabisa, karibu na adhana, ili yamfikishe mbali mchana. Ndivyo tulivyofunzwa sote, kuchelewesha daku ni sunna. Mama akamjazia kikombe cha bati, akamketisha kitako, akamwegemeza kifuani kwake.

Nje mbingu ilikuwa imefunga. Saa ya msikitini ilikuwa imekufa betri, na tangu jana yake kila mmoja alidhani mwenzake atanunua nyingine. Mwadhini alisimama kwenye ngazi ya msikiti akisikiliza. Akasikia mluzi mmoja. Akaadhini.

Mama anasema kikombe kilikuwa kimeshafika mdomoni. Bi Mize alisikia sauti ya mumewe, akakishusha. Mama akamwambia anywe, walau funda moja, mkono umeshakinyanyua, na Mungu anamwona alivyo.

"Mwenyewe keshasema," Bi Mize akajibu.

"Mwenyewe ni mumeo, si malaika," mama akamwambia.

Bi Mize akatabasamu, akakiweka kikombe chini ya kitanda, akakifunika kwa kisahani. Mchana wake ulikuwa wa joto la kufisha. Kabla ya adhuhuri alikuwa hajibu tena akiitwa, na gari iliyokwenda kutafutwa Mtambile ilipofika, watu walishaanza kumfunga kidevu. Mama alipokuja kufagia chumba alikuta kikombe kimejaa vile vile.

Wengine wangejiuliza kwa nini hakunywa, kwa nini hakupelekwa hospitali mapema, kwa nini Shehe hakusisitiza. Mwadhini alijiuliza jambo moja tu. Alipokwisha kuadhini asubuhi ile, kiza kilirudi kikawa kizito zaidi. Baadaye, muda wa mtu kula sahani ya wali kwa utulivu, akasikia adhana ya msikiti wa barabarani. Lakini mwadhini wa kule alikuwa mzembe na kila mtu alijua anachelewa, kwa hiyo haikuwa hoja. Kisha, watu wakiwa wameshasimama safuni, akasikia mluzi mwingine nyuma ya msikiti, mrefu, ukanyamaza, ukaja tena. Basi ule wa mwanzo ulikuwa wa nani?

Matanga hayajaondolewa, alimwita mama akamuuliza alisikia ndege yupi. Mama, ambaye ulimi wake si wa asali, alimjibu kwamba alikuwa akisikiliza pumzi za mgonjwa, hakuwa na nafasi ya ndege. Mama alichukua muda kumsamehe. Kila siku alimpelekea chakula, lakini alikiweka mlangoni akaondoka.

Mimi ndiye niliyeambiwa waziwazi, miaka mingi baadaye, nimeshakuwa mwalimu wa skuli na nimerudi kukaa na mama. Tulikuwa uani, yeye upande wake wa ua, mimi wangu nikianua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yasilowe na mvua.

"Akiwa wa pili," alisema, "basi Mize kafa kwa siku yake na mie sina langu. Akiwa wa kwanza, wakati ulikuwapo bado. Mie ndo nilomtoa kikombe mdomoni."

Nilimwambia Mungu hamhesabii mja jambo asilolijua. Akasema hilo analijua, amelisikia kwa Shehe na kwa wengine, na halimsaidii kitu. Niliumia mpaka nikaona haya kwa ule upumbavu wa maneno yangu.

Kuanzia kifo kile ndipo likaja lile la hodi ya pili. Likaja na la adhana. Aliendelea kuadhini, lakini hakuiamini tena saa, wala kalenda ya nyakati iliyobandikwa ukutani, wala macho yake. Alimngoja wa madoa. Siku nyingine wa madoa hakuimba, na Mwadhini akasimama pale ngazini, mbingu imekuwa nyeupe pee, watu nyuma yake wamejaa msikiti wanatazamana. Watu walimvumilia kwa huruma, wakafunga kwa simu zao na kwa misikiti mingine. Mwisho Shehe akamkabidhi kijana mmoja kipaza sauti, na Mwadhini hakubisha. Aliendelea kwenda mapema na kusimama pale pale. Ukipita njia saa zile uliona kanzu yake tu imesimama gizani, na nakiri kwamba hata mimi niliyemjua nywele zilinisimama. Wanawake wa kwetu walianza kusema si yeye peke yake anayesimama pale, mkewe naye huja. Sikuwahi kuona kitu, lakini niliacha kupita njia ile kabla ya jua.

Ajabu ni kwamba mtu huyu aliyewanyang'anya watoto manati zao akazitia motoni, mwenyewe alimtega ndege. Alipaka ulimbo kwenye kijiti akamnasa mmoja, akamfunika kwa tenga chumbani. Nilikwenda kumwona. Kifua kilikuwa cha madoa kweli, sikuota, nimekiona kwa macho yangu. Alitaka aimbe mbele yake, amtazame koo, ajue. Ndege hakutoa hata mlio. Alikaa tu amejikunyata, na Mwadhini akakaa mbele yake kwenye mkeka, na sijui kati yao nani alikuwa mfungwa zaidi. Baada ya siku chache alimpaka mafuta mabawa akamtoa ulimbo, akamwachia dirishani. Hakumtaja tena.

Kisha akapita mgeni, mtafiti wa ndege kutoka bara, akielekea misitu ya kaskazini na darubini yake shingoni. Alisimama dukani Mtambile kununua maji, Mwadhini akamshika. Nilikuwapo, nimekwenda kununua chaki. Mgeni alikuwa na adabu. Alimwita mzee, akakaa naye kwenye benchi, akasikiliza mpaka mwisho. Akasema ni kweli ndege hao ni ndugu, mmoja wa mashambani na mmoja wa vichaka vizito, na wa madoa ni adimu. Hakuwahi kusikia kwamba ameonekana kisiwani kwetu, ingawa kutosikia si kusema hayupo. Kuhusu saa zao hakuthubutu kusema kitu.

Mwadhini akamuuliza alilokuwa nalo moyoni. "Yawezekana wa kwanza akaimba kwa sauti ya wa pili?"

Mgeni alifikiri, maskini, alitaka kusema kweli. Akasema katika jamaa hiyo wapo wanaoigiza ndege wengine, hawezi kukataa.

Nilitamani kumziba mdomo. Mwadhini alimshukuru, akamwombea safari njema, kisha akabaki pale kwenye benchi mpaka duka likafungwa. Nilirudi kumchukua. Tulipofika kwake alisimama nje ya mlango wake mwenyewe kama mtu aliyesahau kupiga hodi.

Baada ya hapo alijaribu kunifundisha mimi. Nadhani alitaka awepo mwingine wa kusikia, endapo yeye masikio yake yanamhadaa. Alfajiri aliniita kupitia ua, "Mwanangu, hebu sikiza, yuno n'nani?" Nami nikitoka nimejifunga kanga, usingizi machoni, nikijibu ovyo. Nikikosea alinyamaza. Nikipatia pia alinyamaza. Kuna asubuhi nilimchukia kabisa. Lakini sikio halina hiari, na bila ya kutaka nikawajua. Mpaka leo nikisikia mluzi ule mrefu natambua ni nani, na natamani nisingetambua.

Ramadhani yake ya mwisho alikuwa hatoki tena kitandani. Miguu ilivimba, mwili ukabaki mifupa, na tuliamini kwamba masikio nayo yamekwisha, maana kila kitu ulikirudia. Shehe, ambaye naye amekuwa mzee, aliletwa ameshikwa mkono akamwambia yale yale, mgonjwa ana ruhusa. Mwadhini akajibu yale yale aliyojibu mkewe. Mama aliposikia alitoka chumbani bila ya kuaga. Mpwa wake wa Mgogoni alikuwa akilala kwake kumtazama, na mimi na mama tulipokezana kumpelekea daku.

Asubuhi ninayoisema ilikuwa zamu yangu. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo kipaza sauti hakikufanya kazi, na mvua ya usiku iliacha mawingu. Mpwa alikuwa ametoka kutia udhu. Uji aliukataa. Akaomba maji, na hayo alisema atayanywa mwisho. Nilimketisha, nikamwegemeza kifuani kwangu, nikamwekea mkononi kikombe cha bati, kile kile, nyumba ile haikuwa na kingine alichokubali. Alikipandisha polepole, na kilipogusa mdomo, nyuma ya dirisha, kwenye kichaka cha mikarafuu, ukaja mluzi. Mrefu. Ukanyamaza. Ukaja mwingine wa namna nyingine.

Alikishusha kikombe kifuani. Nilihisi moyo wake ukipiga kwenye mkono wangu.

"N'nani yuno?" akauliza.

Nilimjua. Sikuwa na shaka hata chembe. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu na nilimwona Bi Mize amekaa pale pale, juu ya kitanda kile kile, na mama yangu nyuma yake.

"Wa kwanza, Ami," nikasema. "Wakati upo bado. Kunywa."

Akanitazama. Kisha akanywa. Alikunywa chote, polepole, maji yakimchuruzika ndevuni, mpaka nikasikia kikombe kimekauka. Akavuta pumzi.

"Wa pili yule," akasema. "Nimemsikia."

Nilingoja anigombeze, na ningekubali. Aliulaza mkono wake wenye kikombe mapajani.

"Maneno haya haya," akasema, "nami ningetoka ngazini siku ile nikamwambia Mize, akanywa."

Nililia juu ya kichwa chake. Yeye hakulia. Ng'ambo ya njia yule kijana, bila ya kipaza sauti, alianza kuadhini kwa koo lake mwenyewe. Mwadhini alisikiliza mpaka Allahu Akbar ya kwanza ikatulia, kisha akaninyooshea kikombe.

"Nijazie tena," akasema.

Nikamjazia, naye akaendelea kunywa.